Hofu, Mapenzi na Shamba la Tumaini

Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja aliandika makala iliyonikosesha usingizi siku mbili. Alisema kiongozi akitaka kupendwa atachezewa, na akitaka kazi ifanyike lazima aogopwe. Akamtaja Mwitaliano Machiavelli, akamtaja Mkwawa, akamaliza kwa kusema sisi waandishi chipukizi tuache kuandika hadithi za viongozi wapole kwa sababu hazina ukweli ndani yake. Makala ile niliisoma kibandani kwangu hapa Manyoni, kando ya barabara ya Singida, ninapouza asali na vocha. Nikaisoma mara ya pili. Wateja wawili wakaondoka bila kuhudumiwa, nami sikuwaona.

Sitaki kumkejeli. Kwanza ameandika vizuri kuliko mimi. Pili, kuna mahali amesema kweli. Lakini naona swali lenyewe, hofu au mapenzi, amelichukua lilivyo, kama mtu anayeletewa soda mbili mezani akachagua moja bila kuuliza kama kuna maji. Mimi si msomi. Nimemaliza kidato cha nne tu, na uhakiki ninaoujua ni ule tuliofundishwa wa fani na maudhui, wahusika na dhamira, ujumbe na falsafa, tukariri tupate alama. Basi nitafanya ninavyoweza, yaani kurudi kwenye vitabu na kutazama viongozi wanaoogopwa na wanaopendwa wanafanya nini humo, na wanafanywa nini.

Nianze na huyo Machiavelli, maana anatajwa sana na hasomwi. Aliandika kitabu chake kidogo kuhusu mtawala mwaka 1513, kikachapishwa mwaka 1532 yeye akiwa ameshakufa. Ni kweli alisema kwamba kama mtawala hawezi kupata vyote viwili, heri aogopwe. Hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu. Lakini papo hapo anaendelea kuonya kwamba kuogopwa ni kitu kimoja na kuchukiwa ni kingine, na njia ya haraka ya kuchukiwa ni kugusa mali za watu. Kwa maoni yake mtu aliyefiwa na baba atasahau upesi kuliko aliyenyang'anywa urithi wake. Mwenzetu hakuandika sehemu hiyo. Naomba tuishike mkononi, maana inatupeleka moja kwa moja mpaka Isimani.

Isimani iko Iringa. Miaka ya sitini ilikuwa nchi ya mahindi, watu wenye matrekta, mashamba makubwa. Mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa alikuwa Dk. Wilbert Kleruu, mtu aliyesoma sana, mwenye bidii ya kujenga ujamaa, na wala si mla rushwa. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, alikwenda kwenye shamba la mkulima mmoja wa Kihehe, Said Mwamwindi. Wakajibizana. Mwamwindi akachukua bunduki akampiga risasi. Kisha akaupakia mwili katika gari la Mkuu wa Mkoa mwenyewe, akaendesha mpaka polisi Iringa mjini, akajisalimisha. Alihukumiwa kunyongwa.

Sasa angalieni tarehe. Mwaka huo huo wa 1971, mwezi wa pili, TANU ilikuwa imetoa Mwongozo, na ndani yake imekatazwa wazi kiongozi kuwa mtu wa makuu, mwenye kudharau watu na kuwaonea. Maneno yalikuwepo. Yalichapwa, yakasomwa redioni, yakakaririwa mashuleni. Kabla mwaka haujaisha mkulima na kiongozi wakakutana shambani na hakuna aliyekuwa na Mwongozo mfukoni.

Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya yake Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975. Mhusika mkuu, Tumaini, anakuja kuwa mkulima mkubwa. Siasa ya vijiji inapofika, shamba lake linatakiwa. Naye anamuua kwa risasi kiongozi wa serikali, anahukumiwa kunyongwa. Msomaji yeyote wa mwaka 1975 alijua ni kisa gani kimemgusa mwandishi, hata kama riwaya imekipeleka mbali na Isimani. Na huu ndio ujasiri wa kwanza wa kitabu. Miaka minne tu ilikuwa imepita. Vijiji vilikuwa bado vinajengwa. Hebu mwenzangu unayeandika leo jiulize ungethubutu.

Lakini ujasiri wa pili ndio ninaoupenda zaidi, na wahakiki wa mashuleni huwa wanaupita. Kezilahabi hakumfanya Tumaini kuwa malaika. Ujanani ni mfujaji, mpenda wanawake, mtu aliyeharibu zaidi ya alivyotengeneza. Utajiri wake nao si wa kusifiwa moja kwa moja, maana ana vibarua, na siasa ya wakati ule ilikuwa na neno la kumwita, bepari, na pengine alilistahili. Mwandishi mvivu angemsafisha Tumaini ili risasi yake iwe ya haki. Au angemchafua kabisa ili serikali iwe ya haki. Kezilahabi hakufanya lolote kati ya hayo. Kwa hiyo unapofika kwenye risasi unabaki huna pa kukimbilia. Unamwonea huruma muuaji, unamwonea huruma marehemu, halafu unaanza kutafuta ni nani hasa aliyewaweka wawili hawa shambani na kila mmoja amekwisha kuamini kwamba mwenzake haelewi lugha nyingine.

Hapo hofu imefanya kazi gani? Mwenzetu anasema hofu inafanya kazi ifanyike. Mimi katika riwaya hii naona hofu inafanya watu wanyamaze. Na kiongozi aliyezungukwa na walionyamaza hana njia ya kujua ni nani kati yao ana bunduki nyumbani.

Niseme kidogo habari ya kwetu, maana bila hiyo nitaonekana nachambua vitabu kwa kupoteza muda. Siasa ya vijiji ilianza kwa maneno ya kubembeleza. Mwalimu Nyerere alipoandika kuhusu ujamaa vijijini mwaka 1967 alisisitiza kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuingia kwenye ujamaa. Mwaka 1969 wale wakulima wa Ruvuma waliojipangia vijiji vyao wenyewe, kwa hiari, chama chao kikapigwa marufuku. Mwaka 1973 ikatangazwa kwamba kuhamia vijijini ni amri, na ikamilike kabla mwaka 1976 haujaisha. Ndani ya miaka sita tulitoka kwenye kubembelezwa tukaingia kwenye amri, na kiongozi ni yule yule, anayependwa vile vile.

Bibi yangu alikuwa msichana wakati Operesheni ilipofika kwao, upande wa mashariki wa wilaya hii. Waliishi kwenye tembe, nyumba yetu ya Kigogo yenye paa la udongo lililolala. Ukitaka mtu asirudi kwenye tembe lake huhitaji kuchoma moto, toa boriti tu, udongo unaanguka wenyewe. Ndivyo walivyofanya. Mahali pale bibi mpaka leo anapaita mahame, na ukimuuliza mtu alizaliwa wapi atakuambia kabla ya mahame au baada ya mahame, kama wengine wanavyosema kabla ya uhuru. Aliyekuja kutoa boriti hakuwa askari. Alikuwa kijana wa jirani, mgambo, aliyekuwa anajua nyumba ile ndani na nje kwa sababu amekulia humo. Kabla ya kuanza aliomba uji. Mama yake bibi akampa. Akanywa, akarudisha kibuyu, akapanda juu.

Nilimuuliza bibi, "Mlimwogopa?"

"Tumwogope mtoto wa jirani? Yeye ndiye alikuwa anatetemeka. Kule nyuma kulikuwa na mkubwa kwenye Landrova, hakushuka."

Nimelisikia jibu hilo labda mara kumi. Kila nikisoma Dunia Uwanja wa Fujo namkumbuka yule wa kwenye gari. Katika riwaya anashuka, anakuja shambani, anakufa. Katika maisha ya watu wengi hakushuka.

Turudi kwa upande wa pili, yaani mapenzi. Msije mkadhani namtetea kiongozi wa kupendwa. Hapa kitabu changu ni Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere mwenyewe ya tamthilia ya Shakespeare. Aliitoa mara ya kwanza mwaka 1963, akairudia na kuisahihisha ikatoka tena mwaka 1969. Kati ya tafsiri hizo mbili, Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na kwa muda mkuu wa nchi hakujulikana aliko, kisha wanajeshi wa Kiingereza wakaitwa. Huwa nafikiria mtu huyu anarudi mezani kwake na kitabu kile kile, kinachohusu mtawala kuuawa na watu wa karibu yake, anaanza kutafuta neno bora kuliko la mwanzo. Sijui kiongozi mwingine wa nchi aliyejifundisha namna hiyo kwa kalamu.

Tamthilia inasema nini kuhusu mapenzi? Wengi wanakumbuka kisu. Lakini Bruto anampenda Kaizari, na anasema hivyo mbele ya umati bila aibu. Umati nao unampenda Kaizari, halafu baada ya hotuba moja unampenda Bruto, halafu baada ya hotuba ya pili unataka kuchoma nyumba ya Bruto. Yote mchana mmoja. Ndipo inakuja onyesho fupi ambalo waigizaji wa mashuleni hulikata ili kuokoa muda. Watu wanamkuta mshairi njiani, jina lake Cinna. Miongoni mwa waliomuua Kaizari yumo Cinna mwingine. Mshairi anajitetea, mimi si yule, mimi mshairi. Wanamrarua hata hivyo. Mmoja anasema basi auawe kwa mashairi yake mabaya.

Ndugu zangu wa gazeti hili, onyesho lile linatuhusu. Mshairi hakuuawa na dikteta. Ameuawa na watu wanaolia kwa mapenzi. Nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu ya yale mashairi mabaya, nikakumbuka yangu. Mara ya pili sikucheka.

Na Mwalimu mwenyewe, tukubali, alipendwa kikweli. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 wazazi wangu walikuwa hawajaoana, lakini wote wawili wanakumbuka walikuwa wapi. Mwaka 1962 huyo huyo mpendwa nchi yake ilitunga sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Na mwaka huo huo aliandika kijitabu Tujisahihishe, akiwataka wanachama waseme ukweli bila kuogopana. Vyote viwili mwaka mmoja! Mtu akiniambia hiyo ni hitilafu ya tabia ya mtu mmoja simwamini. Naona kiongozi anayependwa anaweza kushika fimbo kwa urahisi kuliko anayechukiwa, maana nani atamuuliza? Ukimuuliza unaonekana huna mapenzi. Hofu inakuambia nyamaza utapigwa. Mapenzi yanakuambia nyamaza utamuudhi Baba. Kwa anayetakiwa kunyamaza tofauti iko wapi?

Hapa niingize jambo la Ugogo, kwa ufupi. Wazee wetu hawakuwa na mtemi wa kuogopwa kwa majeshi kama Mkwawa. Kazi kubwa ya mtemi ilikuwa mvua na baraka za nchi, na mvua ikikatika watu walijua pa kwenda kulalamika. Ni kweli watemi hao walijua kutoza. Misafara yote iliyopita Ugogo kwenda Unyamwezi ililipa hongo kwa nguo na shanga, Stanley alilipa mwaka 1871 huku ananung'unika kitabu kizima, kisha ndipo waingie kwenye pori letu la Mgunda Mkali. Neno hongo limebaki, tena limeharibika. Mjerumani na Mwingereza walipokuja wakamfanya mtemi mkusanya kodi, na mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ikafuta utemi. Sisemi ya kale yarudi. Nasema tu kwamba kulikuwa na mtawala hapa ambaye watu hawakumpima kwa hofu wala kwa mapenzi. Walimpima kwa mvua.

Kuhusu Mkwawa wa mwenzetu, sina ugomvi mkubwa. Alimpiga Mjerumani Lugalo mwaka 1891, boma lake la Kalenga likaanguka 1894, na kwa karibu miaka minne baada ya hapo akajificha katika nchi yake huku kuna zawadi ya fedha kwa atakayeleta kichwa chake, mpaka alipojiua mwaka 1898. Mwenzetu anasema watu walimficha kwa sababu walimwogopa. Inawezekana. Lakini mtu aliyepoteza boma na jeshi, anayelala porini na njaa, atamtisha nani miaka minne? Walioogopesha wakati huo walikuwa Wajerumani. Kama hofu peke yake ndiyo inayotawala, wangemtoa wiki ya kwanza.

Sasa Kusadikika. Shaaban Robert alikichapisha mwaka 1951, nchi ikiwa chini ya Mwingereza, na yeye mwenyewe alikuwa amekula mshahara wa ukarani serikalini miaka mingi. Akaipeleka nchi yake angani ili isionekane ni ipi. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wasome sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, kutafuta mambo mema kwa ajili ya nchi. Kila mjumbe alirudi na mema hayo, kila mmoja akatupwa gerezani.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba dhamira ya kitabu ni kupinga ukoloni, tukaandika hivyo, tukapata. Si uongo. Lakini tazameni kosa la Karama tena. Hakushtakiwa kwa kumchukia mfalme. Hakutaka kumpindua. Hata heshima hakumpunguzia, anaongea naye kwa adabu zote. Kosa lake ni kutaka watu wajue sheria inasema nini, basi. Na Majivuno anaelewa haraka kuliko wote kwamba hilo ni hatari kuliko uasi, kwa sababu mtu anayejua sheria hahitaji kumwogopa waziri, na pia hahitaji kumpenda. Anahitaji tu kumwonyesha ukurasa.

Hiki ndicho nilichokuwa natafuta niliposema kuna maji mbali ya soda mbili. Shaaban Robert alikiona mwaka 1951, sisi tunabishana bado kama mtawala acheke au akunje uso.

Ila sitamaliza habari yake kwa sifa, maana makala ya sifa tupu ni tangazo la biashara. Kuna kitu katika Kusadikika kinanisumbua. Karama anashinda kwa sababu mfalme anasikiliza. Siku zote zile anaongea, na mwisho mfalme anaguswa, anamwachia huru, wafungwa wanafunguliwa. Vizuri sana. Lakini mfalme yule angekuwa ameamka na maumivu ya jino je? Kitabu kinachodai sheria kimeokolewa na huruma. Tumerudi pale pale, kwa kiongozi mwema anayependa watu wake. Labda mwaka 1951 mwandishi hakuweza kwenda mbali zaidi na kitabu kikachapishwa. Labda aliamini hivyo kwa dhati, maana Shaaban Robert aliamini sana mioyo ya watu. Kezilahabi hakuiamini hivyo. Ukivisoma vitabu viwili kwa kufuatana, kama nilivyofanya mimi Novemba hii wakati wa kusubiri mvua, unaona kimoja kina mahakama isiyo na bunduki na kingine kina bunduki, na mahakama inakuja baadaye kunyonga. Hakuna kitabu ninachokijua kilichoweka mahakama ile mbele ya bunduki hii. Nikipata uzima ningependa kukiandika.

Mwenzetu alimalizia na Hayati Rais Magufuli, kama nilivyotegemea. Alisema kati ya 2015 na 2021 makarani walifika kazini saa moja na nusu, na hospitali zilikuwa na watu wa kukuhudumia. Nakubali, nilikuwa mwanafunzi na niliona ofisi fulani ambayo mama alizungushwa miezi ikimaliza shida yake kwa asubuhi moja. Mama mpaka kesho hamsemi vibaya. Lakini Novemba 2017 mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka Kibiti na hajaonekana tena. Ni miaka ile ile, huwezi kusifu nusu. Kisha tarehe 21 Machi 2021, watu walipokwenda kumuaga rais wao Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walikanyagana wakafa 45. Hao hawakwenda kwa hofu. Maiti haimtishi mtu. Ukitaka kuandika riwaya juu ya miaka ile kwa kalamu inayosema aliogopwa tu, utawasahau hao 45, na ukiandika kwamba alipendwa tu, utamsahau mke wa Azory.

Na ya karibu zaidi? Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 sote tuliupitia. Intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikatangaziwa kutotoka nje usiku, watu walikufa. Mimi hapa Manyoni nilikaa siku kadhaa siuzi vocha wala bando. Niliandika ukurasa mzima kuhusu siku zile kwa ajili ya makala haya. Nimeutoa. Mhariri hakuniagiza, hajauona hata. Nimeutoa mwenyewe usiku, nikiwa peke yangu, mlango umefungwa, na nimeona ni haki niwaambie kwamba niliutoa, ili mwenzangu anayesema hofu inafanya kazi ifanyike ajue imefanya kazi gani kwangu.

Nina mswada wa riwaya, kurasa mia na arobaini za daftari. Mhusika wangu ni mtendaji wa kijiji wakati wa Operesheni. Katika rasimu ya kwanza alikuwa mkatili, ana kovu usoni, anacheka watu wakilia. Rafiki yangu mmoja, mpiga debe wa mabasi pale stendi, akausoma akasema, "Huyu jamaa umemtoa kwenye filamu." Iliniuma kwa sababu ni kweli. Katika rasimu ya pili nikamfanya mwema, analazimishwa na wakubwa, analia usiku. Huyo naye alinichosha mwenyewe kabla hajamfikia msomaji. Nadhani nilikuwa nafanya kama mwenzetu, nachagua kati ya soda mbili. Sasa katika rasimu ya tatu nimemtoa mtendaji katikati. Nimemweka kwenye Landrova, hashuki, tunamwona mkono tu dirishani. Katikati nimemweka yule kijana wa jirani aliyeomba uji.

Sijui kama ni bora. Hotuba zote nzuri nilizomwandikia mtendaji zimepotea, na nilizipenda. Kijana haongei sana. Anajua boriti ipi ikitolewa kwanza paa litashuka polepole bila kuvunja mitungi iliyo ndani, kwa sababu baba yake alisaidia kuijenga nyumba ile, na anaanza na boriti hiyo. Sijaamua bado kama anafanya hivyo kwa kuwapenda wenye nyumba au kwa kuogopa macho yao kesho kisimani. Nimeandika pande zote mbili na zote zinasomeka.

Wiki iliyopita nilimsomea bibi sura hiyo, nikitafsiri Kigogo pale anapokwama. Alisikiliza mpaka mwisho, akachezea ncha ya khanga yake kidogo. Kisha akasema uji haukuwa wa mtama kama nilivyoandika. Ulikuwa wa uwele, mwaka ule mtama haukupatikana. Nimesahihisha.